Luciana Hapigi Magoti

Pale Msanzi habari ilianza kwa kunong'onwa kisimani, ikaja kusemwa kwa sauti kwenye mashine ya kusaga, na mwisho ikamganda mwenyewe kama jina la ubatizo: Luciana hapigi magoti.

Kwa Mfipa hilo si jambo dogo. Mwanamke akikutana na mkubwa wake hushuka chini, magoti yote mawili, akainamisha kichwa na kupiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kama anayekinga maji, na ndipo salamu imtoke. Njia iwe na vumbi au tope, atashuka. Na mkubwa huyo akiwa mama mkwe, ndiyo usiseme.

Siku ya Pasaka Luciana alifika Msanzi na mumewe, Alfonsi, mwalimu wa shule ya msingi mjini Sumbawanga. Mama yake Alfonsi, Bertilla, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akichambua maharage. Luciana alisimama hatua mbili mbele yake, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Lakini alibaki amesimama.

"Shikamoo, mama."

Bertilla hakuitikia. Aliyatazama magoti ya mkwewe kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta doa kwenye gauni.

"Naona mjini siku hizi mnakuwa warefu," akasema, na kurudi kwenye maharage yake.

Alfonsi alifungua mdomo. Luciana alimtazama, naye akaufunga. Walikuwa wamekubaliana wao wawili tangu miaka mitatu iliyopita, na makubaliano yenyewe yalikuwa chini ya gauni la Luciana, upande wa kushoto wa kitovu.

Miaka mitatu hiyo iliyopita madaktari wa Mbeya walimwondolea Luciana saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo. Waliifunga kabisa njia ya haja kubwa, wakaitoa ncha ya utumbo tumboni, ikawa kama tunda dogo jekundu lenye unyevu, na juu yake wakabandika mfuko. "Huu ndio mlango wako mpya, wa kudumu," daktari alimwambia. Nyumbani Msanzi walisema tu kwamba amefanyiwa operesheni ya tumbo. Luciana ndiye aliyetaka iwe hivyo. Wodini alikuwa amemsikia mgonjwa wa kitanda cha pili akiomba ahamishwe kwa sababu ya harufu, na neno hilo lilimkaa Luciana moyoni kuliko kidonda chenyewe.

Kwa hiyo alijifunza peke yake, kimyakimya, kama mtu anayejifunza kusoma ukubwani. Mwanzoni alikata tundu la mfuko kwa kukisia, kubwa kuliko kinachotakiwa, na choo kikawa kinagusa ngozi mpaka ikachubuka na kuwaka kama imemwagiwa uji wa moto. Akaona aibu. Yeye fundi cherehani wa miaka ishirini, anakisia? Akachukua kadi ngumu, akatoboa matundu ya vipimo mbalimbali, akapima, na tangu siku hiyo kila mfuko ulikatwa kwa kipimo chake. Aliosha ngozi kwa maji matupu bila sabuni, akaiacha ikauke kabisa. Alimwaga mfuko ukifika theluthi, maana ukijaa hujivuta wenyewe na kubanduka. Na kwa kuwa baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita inaweza kuugandisha mkono usishike sindano, aligundua kwamba gundi ya mfuko nayo hugoma kwenye baridi. Akawa anaubana kwapani dakika tano kabla ya kuubandika, huku akitega sikio kusikia kama uji unachemka. Maharage aliyapenda sana, akayapangia siku: kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi hakuyagusa, ili Jumapili tumbo lisiitikie kabla ya kwaya.

Miaka mitatu aliishi hivyo. Alishona, aliimba, alipiga magoti kwa wakubwa zake wote, na mbali na Alfonsi hakuna aliyejua.

Kilichomponza ni cherehani. Mafundi wa sokoni Sumbawanga hawaachi mashine zao kwenye vibanda. Jioni hufungua kichwa cha cherehani na kukibeba kwenda nacho nyumbani. Kile kichwa ni chuma kitupu. Alikuwa ameonywa asinyanyue vitu vizito, lakini kwa akili yake kizito ni gunia la mahindi au ndoo ya maji, na hivyo alikuwa ameacha kuvibeba. Cherehani hakuihesabu. Nani anauita mkono wake mzigo? Jioni moja ya mwezi wa pili, alipokinyanyua, alihisi kitu kikisogea ndani. Hakikuuma. Kesho yake asubuhi, akiwa anaoga, aliona pembeni mwa mlango wake mpya pameinuka uvimbe wa ukubwa wa embe. Akilala ulirudi ndani, akisimama ulitoka.

Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angefanya kwa tumbo lililolegea. Akachukua kitenge, akakikunja, akajifunga mkaja, kama mama aliyetoka kujifungua, akaukaza mpaka pumzi ikawa fupi. Uvimbe ukakaa. Lakini na mfuko nao ukabanwa. Choo kikakosa pa kuangukia, kikatafuta njia pembeni. Jumatano ya Majivu, alipopiga magoti kanisani, alisikia joto likishuka kiunoni. Alitoka mlango wa pembeni kabla hajapakwa majivu.

Ndiyo maana Pasaka ilipofika alisimama.

Wiki moja baada ya Pasaka alikwenda kumwona Fortunata, nesi wa kliniki aliyekuwa amezoea vidonda kuliko watu wengine walivyozoea salamu. Fortunata alimlaza, akamwambia akohoe, akaweka kiganja, akatikisa kichwa.

"Ngiri," akasema.

"Ngiri? Sista, ngiri si ya wanaume?"

"Ngiri haina habari na gauni wala suruali. Palipotobolewa, nyama imelegea, utumbo mwingine unachungulia. Huwapata wengi wenye mifuko." Kisha akaona alama za kitenge kwenye ngozi. "Na hii nini?"

"Mkaja."

"Mkaja!" Fortunata alicheka mpaka akashika meza, na Luciana naye, aliyekuwa amekuja akiwa na machozi karibu, akajikuta anacheka. "Mkaja ni wa mzazi, dada yangu. Wewe unamfungia mtu mlango na yeye yuko ndani anataka kutoka."

Daktari alimwona pia. Alisema ngiri hiyo inaweza kufanyiwa operesheni, ila mara nyingi hurudi, na kwa kuwa haiumi, angeweza kuishi nayo akiwa na mkanda maalumu. Fortunata alimwandikia mambo ya kukariri: avae mkanda akiwa bado amelala, uvimbe ukiwa umerudi ndani, akikohoa au kupiga chafya aweke kiganja pale, asinyanyue kizito, hata kama kizito chenyewe anakiita mkono wake, akiinuka atoe pumzi, asiibane, anywe maji asije akafunga choo. Na siku uvimbe ukikataa kurudi, ukauma, akatapika, mfuko ukakaa mtupu, asingoje kupambazuke. Aje mbio.

"Na huo mkanda unapatikana wapi?"

"Hapa hatuna," Fortunata alisema. Akaitazama futikamba iliyoning'inia shingoni mwa Luciana. Alikuwa ametoka nayo kazini bila kujua. "Lakini naona fundi tunaye."

Mkanda wa kwanza Luciana aliushona uzuri, kwa macho ya fundi. Aliufunika mfuko wote, ukakaa bapa, usionekane hata kidogo. Ulimfanyia yaleyale ya mkaja. Wa pili aliuachia tundu, lakini kingo zake zikamkata. Wa tatu ulijipinda kila alipokaa. Usiku Alfonsi alisahihisha madaftari ya watoto upande mmoja wa meza, yeye akafumua na kushona upande wa pili, na mara nyingine mumewe alimwambia, "Fundi, huyo mteja wako ni msumbufu kweli." Wa sita ndio ulioitika. Mgongoni turubai kuukuu laini, tumboni lastiki pana, ndani kitambaa cha pamba; pembeni ule utepe wa kunata unaokwaruza ukibanduliwa, aliouvua kwenye mabegi mabovu ya shule; na tundu lililochorwa kwa mdomo wa kikombe cha chai, kingo zake zimezungushiwa paipini kama shingo ya blauzi ya Jumapili. Mfuko ulipita tunduni, ukaning'inia huru. Ngiri ilikaa ndani kama mtoto aliyebembelezwa.

Siku alipouvaa wa sita alisimama mbele ya kioo akiwa peke yake chumbani. Akakohoa. Akaketi, akainuka. Kisha, taratibu, goti la kulia, halafu la kushoto, akashuka mpaka sakafuni, na akapiga makofi mawili mbele ya kabati.

Fortunata alipouona mkanda aliugeuzageuza mikononi. Halafu akasema, "Huu usiishie kwako."

Basi siku moja ya mwezi wa sita, soko likiwa na harufu ya ulezi mpya, mwanamke mrefu wa Kisukuma alisimama mbele ya kibanda cha Luciana akiwa na karatasi ya Fortunata mkononi. Nyuma yake alikuwepo mzee amejifunga blanketi mpaka shingoni. Mwanamke alijitaja kuwa Kabula. Mzee ni mumewe, Kija. Wametoka bondeni, kupita Ilemba, huko wanakofuga na kulima. Mwaka juzi utumbo wa mzee ulijisokota, wakamkata, wakamwachia mfuko, na sasa ana uvimbe pembeni.

"Mwaka wa pili huu hajatoka nje ya uzio," Kabula alisema. "Josho haendi, mnadani haendi. Ng'ombe wameshasahau harufu yake."

"Hawajaisahau," Kija akasema. "Ndiyo taabu yenyewe."

Luciana aliwaingiza ndani, akavuta pazia la kitenge, akaondoa nguo kwenye meza ya kukatia. Kipimo cha mkanda huanza mtu akiwa amelala chali, alimweleza mzee. Hivyo avue shati, apande mezani.

Kija alilikaza blanketi. "Sivui."

"Baba, nitapima haraka tu."

"Mwanamke anipime tumbo? Tumbo lenyewe linalojisaidia mbele ya watu? Sivui. Kabula, twende zetu."

Wakati huohuo, kibanda cha pili, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, ilisikika sauti ambayo Luciana angeitambua hata gizani.

"Kiunoni usinibane sana, Agnesi. Nimeshakula ulezi mpya."

Alikuwa Bertilla. Kina mama wa kanisa la Msanzi walikuwa wanashona sare ya jubilei, naye alikuwa amepanda gari asubuhi mpaka mjini, akaupita mlango wa mkwewe, akapeleka kitambaa kwa Agnesi, fundi jirani.

"Lakini mama," Agnesi alisema, naye akapandisha sauti kidogo ili isikike panapotakiwa isikike, "si una mkwe fundi hapo pembeni?"

"Yule ni fundi wa watu warefu," Bertilla alijibu. "Mimi mfupi."

Luciana alisimama na futikamba mkononi. Mbele yake Kija alikuwa amekwisha kuushika ufito wa pazia. Akitoka, atarudi bondeni na kulala ndani ya uzio mpaka siku ya kufa kwake. Hilo lilionekana wazi kwenye mabega yake. Kulikuwa na neno moja tu la kumzuia. Lakini neno hilo, likisemwa humu, litavuka zile mbao, litamfikia mama mkwe, na kutoka kwa mama mkwe litafika Msanzi kabla ya basi la jioni. Miaka mitatu ya kuficha ingekwisha kwa pumzi moja.

Akamsogelea mzee, akanong'ona, "Baba, hata mimi ninao."

"Eti?" Kija aliinamisha sikio.

"Mfuko. Hata mimi ninao."

"Sema kwa sauti, mayo," Kabula alisema kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sikio lake la upande huo lilikwenda zamani."

Upande wa pili Agnesi alikuwa akikanyaga cherehani, trrr, trrr.

Luciana alivuta pumzi. "Nimesema hata mimi nina mfuko!" akasema, na sauti yake, sauti ya kwanza ya kwaya, ikajaa kibanda chote. "Mwaka wa tatu huu. Choo changu kinatokea tumboni, kama chako. Na ngiri ninayo, kama yako. Ndiyo maana nilisimama Pasaka, na ndiyo maana leo naweza kushona mkanda wako. Sasa lala mezani, baba, unanichelewesha."

Cherehani ya Agnesi ilinyamaza.

Na kwa kuwa lililobaki lilikuwa dogo, Luciana alipandisha ncha ya blauzi yake, kiasi cha kutosha tu. Kija aliona mkanda, akaona paipini, akaona mfuko uliopita tunduni, ukiwa umevikwa kifuniko cha kitenge kilekile cha blauzi, maua ya njano kwa maua ya njano.

Mzee alitazama mpaka blanketi likamteleza begani bila yeye kujua.

"Umeuvalisha sare?" akauliza.

"Ndiyo. Na Jumapili unavaa ya Jumapili."

Kija alianza kucheka, kicheko cha ndani, kikavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Kabula alimwangalia, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Kisha mzee akavua shati, akapanda mezani, akalala. Tumboni alikuwa amejifunga kamba ya ngozi ya ng'ombe juu ya mfuko, imekaza mpaka imeacha mtaro. Luciana aliifungua. Alingoja uvimbe urudi, akapima kiuno, akapima tundu kwa kadi yake, akamsimamisha, akapima tena. Halafu alimfunga mmoja wa mikanda yake ya majaribio, ambao ulimfaa ukiongezwa lastiki kidogo.

"Kohoa."

Kija alikohoa, mkono ukiwa umekimbilia tumboni kwa mazoea. Hakuna kilichotoka. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Wafipa nyie," akasema, "tuliambiwa mnajua kufua chuma tu."

"Na nyie tuliambiwa mnajua ng'ombe tu, kumbe hata kucheka mnajua."

Walikubaliana atumie huo mpaka mkanda wake ukamilike Alhamisi. Mzee alipotoka, blanketi alikuwa amelikunja na kumpa mkewe alibebe.

Luciana alikuwa anaandika vipimo kwenye daftari pazia lilipofunguliwa tena. Bertilla aliingia, kitambaa cha sare kimekunjwa kwapani, pini za Agnesi bado zimo. Hakukaa. Kwa muda alitazama meza, mikanda minne mibovu iliyotundikwa msumarini, kadi ya matundu.

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umenipikia. Umenisukia mkeka. Umenipigia magoti miaka yote hiyo na hicho kitu tumboni."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikakuita mrefu." Bertilla aliuma mdomo. Hakuwa mwanamke wa kuomba radhi. Pale Msanzi hakuna aliyewahi kumsikia akiomba. "Linauma?"

"Haliumi. Linasema tu, mara nyingine, bila kupewa nafasi."

"Kama baba yake Alfonsi, Mungu amweke pema."

Wakacheka wote wawili, na tumbo la Luciana, kama lililosikia linasengenywa, likatoa mlio mdogo mrefu chini ya kitenge. Hakuliwekea mkono. Alimwacha mama mkwe wake alisikie mpaka lilipomaliza.

Kisha alisogeza kiti. Akaweka kiganja kwenye mkanda, akatoa pumzi, akashuka: goti la kulia, halafu la kushoto, mgongo umenyooka. Akakunja viganja. Makofi yalitoka ya polepole, yenye sauti ya shimo, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo, mama."

Bertilla aliyatazama yale magoti kwenye sakafu yenye vipande vya nyuzi.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Sasa inuka. Hilo linatosha mpaka nife." Alimshika mkono kumwinua, kisha akagundua kwamba hakusaidia chochote, Luciana alikuwa ameshainuka mwenyewe. Ndipo akatupa kitambaa juu ya meza. "Na huyo Agnesi amenipima vibaya. Nishonee wewe."

"Sijapima vibaya!" ilisikika sauti kutoka upande wa pili wa mbao.

Siku ya jubilei Msanzi, baada ya misa, kina mama waliovaa sare walikaa kwenye mikeka mbele ya kanisa, upepo wa baridi ukipeperusha ncha za vilemba. Luciana alifika akiwa na Alfonsi. Alisimama mbele ya mkeka wa wazee, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Magoti yangeweza kushuka. Mkanda ulikuwa mahali pake. Lakini alikuwa amemwahidi Bertilla kwamba yale ya kibandani yalitosha.

Minong'ono ilianza nyuma. Mama mmoja mwenye sauti nyembamba alimwambia mwenzake, bila kuificha sana, "Si huyo? Yule asiyepiga magoti?"

Bertilla aligeuka. Sare ilimkaa kiunoni barabara, haikubana wala haikulegea, na tangu asubuhi alikuwa ameshawaonyesha watu wanne jinsi ilivyoshonwa.

"Hapigi kwa sababu nimemkataza mimi," akasema, na kuisogeza kanga yake pembeni ya mkeka kumpa mkwewe nafasi. "Una swali jingine?"